Kununua na Kuuza Nyumba Soko Linapogeuka: Hatua kwa Hatua

Bei za nyumba huchelewa kusema ukweli. Soko likianza kupoa, wauzaji hawashushi bei siku hiyohiyo. Wanasubiri, na wanunuzi nao wanasubiri. Kinachopungua kwanza ni idadi ya nyumba zinazouzwa. Kisha nyumba huanza kukaa sokoni muda mrefu zaidi, halafu yanakuja mapunguzo ya kimyakimya mezani, na mwisho kabisa ndipo bei za kwenye matangazo zinashuka. Soko likichangamka tena mfuatano ni uleule. Anayefuata bei za matangazo peke yake, basi, anasoma habari ya miezi kadhaa iliyopita.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi na wa muuzaji, kuanzia kulipima soko hadi kukabidhiana funguo. Haubashiri bei zitakuwaje mwakani. Unaeleza jinsi ya kupanga mauziano ambayo hayatakuumiza hata bei ikielekea upande usioutaka. Sheria za ardhi, kodi na ada hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo penye suala la sheria neno la mwisho ni la wakili anayefanya kazi pale nyumba ilipo.

Hatua ya 1: Lipime soko kabla ya kutaja bei yoyote

Unahitaji takwimu nne, zote za mtaa huohuo na aina ileile ya nyumba. Takwimu za nchi nzima hazikusaidii sana, maana nyumba ya vyumba vitatu na ghorofa la chumba kimoja zinaweza kwenda pande tofauti ndani ya mji mmoja.

Ya kwanza ni miezi ya akiba. Hesabu nyumba zilizo sokoni sasa, kisha ugawe kwa idadi ya nyumba zinazouzwa kwa mwezi. Zikiwa 48 sokoni na 8 zinauzwa kila mwezi, akiba ni ya miezi 6. Kwa mazoea ya biashara hii, chini ya miezi 4 muuzaji ndiye mwenye nguvu, karibu miezi 6 pande mbili zinalingana, na zaidi ya hapo mnunuzi anaweza kukaa kitako na kuchagua. Cha kuangalia zaidi ni mwelekeo. Akiba iliyotoka miezi 3 ikafika 5 ndani ya nusu mwaka inaonyesha mengi kuliko 5 iliyosimama palepale.

Ya pili ni siku ambazo nyumba hukaa sokoni kabla ya kuuzwa. Angalia kama tangazo limeondolewa likarudishwa upya, maana hiyo ni mbinu ya kurudisha saa nyuma. Picha zikiwa zilezile, hesabu tangu tangazo la mwanzo.

Ya tatu ni tofauti kati ya bei inayotajwa na bei iliyolipwa. Waulize madalali watatu wasiohusika na nyumba unayoitazama, na pale ambapo ofisi ya usajili wa ardhi inaruhusu, tafuta bei zilizosajiliwa. Ya nne ni idadi ya matangazo yaliyopunguzwa bei katika miezi 2 iliyopita.

Jihadhari na bei ya wastani. Riba ikipanda, wa kwanza kujitoa huwa ni wanaonunua nyumba za bei ya chini kwa mkopo. Wanaobaki ni wenye fedha taslimu, ambao hununua nyumba kubwa. Wastani unaweza kupanda ilhali kila nyumba, moja moja, thamani yake imeshuka. Linganisha nyumba na nyumba inayofanana nayo, usilinganishe wastani na wastani.

Hatua ya 2: Geuza riba iwe fedha ya kila mwezi

Mara nyingi kinacholigeuza soko ni riba. Chukua mkopo wa 100,000 kwa fedha yoyote, wa miaka 20, unaolipwa kwa marejesho sawa kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 8, rejesho ni karibu 836. Riba ikifika asilimia 11, rejesho linakuwa karibu 1,032, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 23. Ukitazama upande wa pili, mtu ambaye mfuko wake unaishia 836 kwa mwezi sasa hawezi kukopa 100,000. Atapata karibu 81,000 tu. Kipato chake ni kilekile, ila uwezo wake wa kununua umepungua kwa karibu moja ya tano.

Mabadiliko hayo yanaweza kuja kwa kasi. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na riba ya asilimia 0.1 mwanzoni mwa Desemba 2021, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Nchini Marekani riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa chini ya asilimia 3 mwanzoni mwa 2021, na mwaka 2023 ikapita asilimia 7. Wengi walitarajia bei ziporomoke. Hazikuporomoka, kwa sababu wenye mikopo ya riba ya chini hawakutaka kuuza na kwenda kuchukua mkopo ghali, hivyo wauzaji nao walipungua. Mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa mwaka huo yalikuwa ya chini kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu 1995. Kwa hiyo riba kupanda si lazima ikuletee nyumba za bei rahisi. Wakati mwingine inakuletea soko lisilo na nyumba za kuchagua.

Kwa mnunuzi

Hatua ya 3: Weka kikomo chako kabla dalali hajakuonyesha nyumba

Anza na rejesho unaloweza kulilipa bila kukopa penginepo, kisha urudi nyuma hadi kwenye bei. Wengi hufanya kinyume, wanaipenda nyumba kwanza halafu wanatafuta hesabu ya kuihalalisha. Fanya majaribio matatu.

Ikiwa mkopo ni wa riba inayobadilika, ongeza asilimia 3 juu ya riba ya leo, yaani ya asilimia 8 iwe 11, na uone kama bado unalipika. Kama hapana, punguza mkopo au tafuta riba isiyobadilika. Soma pia masharti ya hiyo isiyobadilika, maana mara nyingi ni ya miaka 2 hadi 5 tu, na baada ya hapo rejesho linapangwa upya kwa riba ya siku hiyo. Iandike tarehe hiyo mahali utakapoiona.

Jaribio la pili ni la akiba. Baada ya kulipa malipo ya awali, ada za wakili, usajili, kodi ya uhamisho na gharama za kuhama, ubaki na fedha ya kuendesha nyumba na kulipa mkopo kwa miezi 6. Wanaonyang’anywa nyumba mara nyingi si walionunua kwa bei mbaya. Ni waliopoteza kipato wakiwa hawana kitu pembeni, katika soko ambalo nyumba haiuziki haraka.

La tatu ni la mtaji. Ukiweka asilimia 20 na bei ikashuka asilimia 10, nusu ya ulichoweka imekwenda. Ukiweka asilimia 10, kimekwenda chote, na ukilazimika kuuza, gharama za kuuza zitakufanya uongezee fedha yako kumaliza deni la benki. Kumbuka pia kwamba bei ikishuka asilimia 20 haitarudi kwa kupanda asilimia 20. Inahitaji asilimia 25. Hasara hiyo ni ya karatasi tu ilmradi unaweza kukaa na kulipa, kwa hiyo swali kubwa ni miaka mingapi utaishi hapo. Jumlisha gharama zote za kununua leo na za kuuza baadaye, ikiwemo ya dalali. Zikifika asilimia 8 ya bei, nyumba inatakiwa kupanda kiasi hicho ndipo urudishe ulichotoa. Kwa anayejua atahama baada ya mwaka mmoja au miwili, kupanga ni bora karibu kila wakati.

Na kukopa kwa fedha ya nchi nyingine kwa sababu riba yake iko chini ni hatari tusiyoipendekeza kwa mtu anayelipwa kwa fedha ya kwao. Januari 2015 Benki ya Taifa ya Uswisi iliacha kuizuia faranga yake isipande thamani, na familia nyingi za Polandi zilizokopa kwa faranga ziliona deni likivimba ndani ya siku moja bila kukopa chochote zaidi.

Hatua ya 4: Linganisha kununua na kuwa mpangaji

Tafuta kodi ya pango ya mwaka ya nyumba inayofanana na unayotaka kununua. Tuseme nyumba ni ya 100,000 na kodi yake kwa mwaka ni 5,000. Ukikopa 80,000 kwa asilimia 11 kwa miaka 20, riba pekee ya mwaka wa kwanza ni karibu 8,740, bado matengenezo, bima na kodi ya jengo. Hapo kusubiri ukiwa mpangaji ni rahisi kwa zaidi ya 3,700 kwa mwaka, na haraka yako ipungue. Lakini kodi ya pango ikizidi riba na gharama hizo zote, kila mwaka wa kusubiri unakugharimu, na dalali anayekuhimiza huenda safari hii anasema kweli.

Hatua ya 5: Pata idhini ya benki, ujue inaisha lini

Idhini ya awali huonyesha muuzaji kwamba hupotezi muda wake. Nyingi huwa na mwisho wa matumizi, mara nyingi miezi 3 hivi, na kiasi kilichoandikwa si ahadi kamili, kwani benki itathamini nyumba yenyewe baadaye. Uliza mambo mawili: riba niliyotajiwa imefungwa hadi lini, na nikilipa deni mapema kuna adhabu gani. La pili linasahaulika sana. Riba ikishuka utataka kuhamia mkopo nafuu, na adhabu kubwa inaweza kula faida yote.

Hatua ya 6: Kagua nyumba kana kwamba muuzaji hayupo

Nenda mara mbili kwa uchache: mara moja mchana, na mara nyingine usiku au baada ya mvua kubwa. Usiku unasikia majirani na kuona usalama wa barabara, mvua inaonyesha paa na mahali maji yanaposimama.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida. Zinazopaswa kukusimamisha ni zile zinazopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, zinazoanzia pembe za madirisha na milango, au zilizo pana zaidi ya milimita 5. Zikiandamana na milango isiyofunga vizuri au sakafu iliyoinama, huenda msingi unatitia, na hapo unahitaji mhandisi. Fundi rangi atazificha tu. Rangi mpya kwenye kona moja ya dari au chini ya ukuta mmoja, wakati kwingine ni ya zamani, inaficha kitu. Uliza ni nini.

Kwa maji, funga mabomba yote uangalie mita. Ikiendelea kusoma, kuna mvujo. Kisha fungua mabomba mawili kwa pamoja na uone presha. Jaza sinki uliachie maji yote kwa mkupuo, vuta choo cha chumba cha mbali zaidi, na unuse kwenye mashimo ya kukagulia maji taka. Kwa umeme, fungua kisanduku cha swichi kuu uone kama kuna vikata umeme vya kisasa na waya wa ardhi. Swichi zenye alama ya kuungua ni dalili ya mzigo uliozidi.

Katika soko la moto watakuambia ukaguzi unachelewesha, na kwamba kuna mwingine anayetaka nyumba bila kukagua. Mwache ainunue. Kinachofaa ni kumpanga mkaguzi mapema, uweze kukagua ndani ya siku 2 badala ya wiki 2. Soko likipoa, kila kasoro iliyoandikwa kwenye ripoti pamoja na makadirio ya fundi inakuwa hoja ya kupunguza bei. Hoja yenye karatasi hushinda malalamiko ya mdomo.

Hatua ya 7: Thibitisha umiliki, mara mbili

Pekua hati kwenye ofisi ya usajili wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, usitegemee nakala ya muuzaji. Hakikisha jina kwenye hati ni la mtu aliye mbele yako na linalingana na kitambulisho chake, hakuna rehani ya benki, zuio la mahakama wala kesi, na vipimo vya kiwanja vinalingana na mipaka uliyoonyeshwa. Kama muuzaji ana ndoa, mwenzi wake atoe ridhaa kwa maandishi pale sheria inapodai. Mali ya marehemu iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa. Mtoto mkubwa wa marehemu hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Dai pia risiti za maji, umeme, kodi ya jengo na ada za jengo la pamoja.

Upekuzi urudiwe siku ya kumaliza malipo au siku moja kabla. Kati ya upekuzi wa kwanza na malipo zinaweza kupita wiki kadhaa, na muuzaji aliyebanwa na madeni anaweza kuiweka nyumba rehani katikati. Soko likishuka, wauzaji waliobanwa huongezeka.

Hatua ya 8: Toa bei, ukiacha mlango wa kutokea

Mkataba wako uwe na masharti yanayokuruhusu kujitoa na kurudishiwa arabuni: mkopo usipoidhinishwa, ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa, hati isipokuwa safi, au mthamini wa benki akitoa thamani pungufu. Kukosa sharti hili la mwisho ndiko kunakowanasa watu soko likigeuka. Mmekubaliana 100,000, na ulipanga kuweka 20,000 huku benki ikikopesha asilimia 80. Mthamini anasema 92,000. Benki itakopesha asilimia 80 ya 92,000, yaani 73,600, na sasa unatakiwa kutoa 26,400. Bila sharti hilo, ama unaitafuta 6,400 ya ghafla ama unapoteza arabuni. Ukiwa nalo, unarudi mezani na ripoti ya mthamini mkononi.

Arabuni isilipwe mkononi mwa dalali wala muuzaji. Ikae kwenye akaunti ya amana ya wakili au taasisi inayoruhusiwa kisheria, na mkataba useme inatoka lini na kwa masharti gani. Ukipokea barua pepe inayosema namba ya akaunti imebadilika, usitume kitu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wizi wa namna hii huja dakika za mwisho, watu wakiwa na haraka.

Nyumba ambayo bado ni ramani ni biashara tofauti kabisa. Hununuliwa sana soko likiwa juu, na soko likigeuka mjenzi anayetegemea malipo ya wanunuzi wapya anakwama. Lipa kwa awamu zinazofuata ujenzi uliothibitishwa na mhandisi asiyeajiriwa na mjenzi: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Malipo yanayofuata kalenda tu yanamfaa mjenzi peke yake.

Kwa muuzaji

Hatua ya 9: Panga bei kwa nyumba zilizouzwa, siyo zinazotangazwa

Nyumba zinazotangazwa ni washindani wako. Zilizouzwa ndizo ushahidi. Tafuta tatu hadi tano zinazofanana na yako kwa eneo, ukubwa, umri na hali, zilizouzwa ndani ya miezi 3 hadi 6. Kumbuka kwamba bei iliyosajiliwa leo ilikubaliwa wiki nyingi nyuma, kwa hiyo irekebishe kwa muda. Soko likishuka asilimia 1 kwa mwezi na mapatano yalifanyika miezi 4 iliyopita, toa asilimia 4. Kisha rekebisha tofauti za nyumba zenyewe: bafu la ziada, maegesho, paa jipya.

Bei uliyonunulia haimo katika hesabu hii, na hili ndilo gumu kuliko yote. Wachumi Genesove na Mayer, katika utafiti wao wa mwaka 2001 kuhusu maghorofa ya Boston, waliona kwamba wamiliki waliokuwa wakikabili hasara walitaja bei za juu kuliko wengine wenye nyumba za aina hiyo. Baadhi walipata nyongeza kidogo, ila nyumba zao zilichelewa zaidi kuuzika. Mnunuzi hajui ulinunua kwa ngapi, na akijua hatakulipia.

Tazama kinachotokea bei ikianza juu katika soko linaloshuka. Nyumba thamani yake ni 100,000, soko linapoteza asilimia 1 kwa mwezi, na muuzaji anataja 110,000 akisema atapunguza kidogokidogo. Anapunguza 2,000 kila baada ya miezi 2. Baada ya miezi 6 anataja 104,000, na soko liko karibu 94,150. Amepunguza mara tatu na pengo ni karibu lilelile la mwanzo, juu ya hapo nyumba imeshaonekana kuukuu machoni pa wanunuzi, wanaoanza kuuliza ina ubaya gani. Wiki 2 au 3 za kwanza ndizo zenye macho mengi zaidi, kwa sababu wanunuzi waliokuwa wakisubiri nyumba ya aina hiyo wote wanaiona kwa pamoja. Taja bei sahihi hapo. Ukilazimika kupunguza, punguza mara moja na kwa kiasi kinachoonekana, hadi chini kidogo ya washindani wako wa karibu.

Katika soko linalopanda kasi, kosa ni jingine: kukubali bei ya kwanza siku ya kwanza. Panga tarehe moja ya mwisho ya kupokea maombi, siku 7 hadi 10 tangu tangazo, na uwaambie wote.

Hatua ya 10: Hesabu gharama ya kusubiri

Andika kila kinachotoka nyumba ikiwa haijauzwa: riba ya mkopo, kodi ya jengo, bima, ulinzi, usafi, matengenezo. Tuseme ni 800 kwa mwezi. Umepewa 95,000 leo, na unaamini ukivuta miezi 6 utapata 100,000. Miezi 6 itakula 4,800. Umebakiwa na 200 za kufidia hatari kwamba huyo mnunuzi hatakuja kabisa. Hesabu hii ya nusu karatasi huwafungua wengi macho kuliko maneno ya dalali.

Kuhusu matengenezo kabla ya kuuza, uwe na kiasi. Rekebisha yanayotisha au yanayoweza kumfanya mthamini akatae: paa linalovuja, nyaya hatari, maji taka, unyevu ukutani. Rangi nyeupe, usafi wa kina, taa zinazowaka na vyumba vilivyoondolewa vitu vingi vinalipa. Jiko jipya la kifahari mara nyingi halirudishi gharama yake, kwa sababu mnunuzi ana ladha yake.

Hatua ya 11: Pima ombi zima, siyo bei peke yake

Mnunuzi wa kwanza anatoa 100,000, hana idhini ya benki, anahitaji kuuza nyumba yake kwanza, na anataka siku 120. Wa pili anatoa 96,000, ana idhini, na atamaliza kwa siku 45. Katika soko linaloshuka asilimia 1 kwa mwezi, wa kwanza akianguka mwezi wa tatu utaanza upya na nyumba ya 97,000 kasoro gharama za miezi 3, ukiwa na tangazo lililochakaa. Chagua wa pili. Soko likiwa linapanda, unaweza kumpa wa kwanza nafasi kwa sharti kwamba unaendelea kupokea wengine, na akija mwenye nguvu zaidi wa kwanza apewe siku chache za kuondoa masharti yake au kupisha.

Dai ushahidi wa fedha kabla ya kuondoa tangazo: barua ya benki yenye tarehe, au taarifa ya akaunti. Maneno kwamba fedha iko njiani yasikufanye uwaache wengine.

Hatua ya 12: Ukiuza na kununua kwa wakati mmoja

Watu huogopa kuuza soko likiwa chini, lakini kwa anayehamia nyumba kubwa hesabu huwa kinyume. Una nyumba ya 100,000 na unataka ya 150,000, pengo ni 50,000. Zote mbili zikishuka asilimia 10, unapoteza 10,000 kwenye yako na kuokoa 15,000 kwenye unayonunua. Pengo limekuwa 45,000. Anayehamia nyumba ndogo ndiye anayepaswa kupenda soko la juu.

Mpangilio hutegemea soko. Nyumba zikiwa haziuziki haraka, uza kwanza, hata ikibidi upange kwa miezi michache. Mikopo miwili kwa pamoja katika soko linaloshuka ndiyo iliyowaangusha wengi waliokuwa na hali nzuri. Soko likiwa na uhaba wa nyumba, unaweza kutangulia kununua, au kumwomba mnunuzi wako akukodishie nyumba kwa wiki 4 hadi 8 baada ya mauzo, kwa mkataba wa maandishi wenye tarehe ya kutoka na faini ya kila siku ya kuchelewa.

Hatua ya 13: Siku ya kumaliza

Mnunuzi apite ndani ya nyumba saa 24 kabla ya malipo ya mwisho. Vitu vilivyoandikwa kwenye mkataba viwepo: tangi la maji, kiyoyozi, makabati, pampu. Kama havikuandikwa, usishangae kukuta vimeng’olewa. Piga picha mita za maji na umeme pande zote mbili mkiwepo. Fedha itoke akaunti ya amana baada ya hati ya uhamisho kusainiwa na rehani ya zamani kufutwa, na wakili wako awasilishe usajili siku hiyohiyo au kesho yake. Badilisha vitasa vyote vya nje, hamisha bima iwe kwa jina lako kuanzia saa ya makabidhiano, na upate nakala ya ripoti ya mwisho ya upekuzi yenye jina lako kama mmiliki. Hadi ripoti hiyo iko mkononi, usiilipe sehemu ya mwisho ya ada ya wakili.